Uso Usio na Masikio

Asubuhi hiyo Atuganile aliposukuma mlango wa jiko, alikuta uso unamcheka ukutani.

Ulikuwa uso mdogo wa duara, umechorwa kwa mkaa juu kidogo ya mafiga, na upande wake wa kulia kulikuwa na chungu. Mtu mwingine angedhani watoto wa jirani wameingia kucheza. Atuganile alishika mwimo wa mlango. Uso unaocheka na chungu, vikiwekwa pamoja namna ile, maana yake ilikuwa "chakula kiko tayari, njoo tule." Watu wawili tu duniani walipata kuijua maana hiyo. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Wa pili alilala Rungwe, chini ya migomba ya baba yao, tangu kabla lami ya kwenda Zambia haijakamilika.

Ukungu wa Kihesa ulikuwa bado umelalia mabati. Mle jikoni mlikuwa na harufu ambayo haikuwa ya moshi wala ya ukoko. Ilikuwa harufu ya tope la mtoni, ya majani yaliyooza chini ya maji. Aligusa mchoro kwa ncha ya kidole. Mkaa ulikuwa umelowa.

"Tusajigwe," alinong'ona, na machozi yakamtoka.

Tusajigwe alikuwa mdogo wake. Alipokuwa na umri wa kuchunga ndama alioga katika bwawa moja la mto Kiwira, mahali penye kivuli ambapo wazee hawakupapenda, na usiku huo akashikwa na homa. Alipona, lakini alipoamka hakusikia tena. Waliita jina lake, wakapiga sufuria nyuma ya kichwa chake, wapi. Mama yao alilia na baba yao akampeleka hospitali ya misheni, wakaambiwa wamshukuru Mungu kwa uhai.

Wale mabinti wawili hawakulia sana. Nyumba yao ilipakwa udongo mweupe kama nyumba nyingi za Kinyakyusa, na jikoni mkaa haukukosekana. Wakaanza kuchora. Picha moja moja ilikuwa na maana yake, mtoto yeyote angeijua: jua, nyumba, unyayo, kiganja. Utamu ulikuwa katika kuziunganisha. Uso unaocheka ulikuwa furaha na machozi yalikuwa huzuni, lakini uso unaocheka wenye machozi ulisema "natania, usiamini nilichokwambia." Kuku chini ya jua ilikuwa "nimekukumbuka," kwa sababu siku moja kuku alitaga ndani ya kofia ya mchungaji iliyoanikwa juani, nao wakacheka mpaka wakachapwa. Kiganja kikikaa kando ya uso wa mtu, basi mtu huyo anakusalimu. Mama yao alijifunza picha zote na bado hakuelewa walichokuwa wakiambiana. "Ninyi mnasengenya mbele ya macho yangu," alikuwa akisema, nao wanacheka.

Na Tusajigwe kila alipojichora mwenyewe alijipa masikio makubwa kama ya sungura. Huo ndio ulikuwa utani wake juu ya maradhi yake.

Mwaka wa mvua nyingi mto ulishuka ghafla kutoka mlimani. Waliokuwa ng'ambo walipiga kelele. Atuganile alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na Tusajigwe aliendelea kusuuza nguo, mgongo amewapa, hana habari, mpaka maji yakamfikia.

Kabla ya kuolewa Atuganile aliteremka peke yake mpaka kwenye lile bwawa, akachora juu ya mwamba nyumba na unyayo. Kwao ilikuwa "kwaheri, nasafiri." Kisha akamfuata Iringa mumewe Kalinga, kijana wa Kihehe aliyekuwa fundi wa malori pale Ipogolo, chini ya mteremko. Wakapanga nyumba Kihesa pamoja na mama mkwe wake, Helena, na Mungu akawapa mtoto wa kiume, Yohane, ambaye sasa alikuwa anajifunza kukaa.

Basi asubuhi hiyo Atuganile hakuogopa kama ambavyo angepaswa kuogopa. Mtu aliyefiwa hupokea chochote. Aliokota kipande cha mkaa na kuchora chini ya ule uso jibu la siku zote, tumbo lililojaa, yaani "nimeshiba, ahsante, wewe je?"

Kesho yake kulikuwa na picha mpya. Akajibu tena. Ikawa ndiyo desturi yake, kuamka mapema kuliko mama mkwe, kusoma, kujibu, halafu kuwasha moto. Aliimba akipepeta mchele. Helena alimtazama akatabasamu, akidhani mkwewe ana mimba nyingine.

Kalinga ndiye aliyeuliza. "Mama Yohane, nani anauchafua ukuta?"

"Mimi. Namchezea mtoto."

"Mtoto mwenyewe analala chumbani, wewe unamchorea jikoni?" Alisogea akaukagua ukuta, akakunja pua. "Na hii harufu? Kama kuna chura amefia humu."

"Ni mvua," Atuganile alisema. "Ukuta unavuta maji."

Siku moja ukuta ulimwuliza juu ya mtoto. Ulichora uso mdogo wenye nywele tatu, jinsi walivyozoea kuchora vitoto, na juu yake jicho lililo wazi. "Huyu ni nani?" Moyo wa Atuganile ulijaa. Mama mdogo anataka kumjua mwana wa dada yake! Alimbeba Yohane, akamwonyesha ukuta, na mtoto akacheka na kunyoosha mikono kama anayeona mtu. Kwa mkono wake ulio huru Atuganile alichora uso ule wenye nywele tatu, na kando yake kiganja. "Mtoto anakusalimu."

Nyuma ya ukuta, upande wa nje, kitu kilikwaruza kutoka juu mpaka chini, polepole, kama kucha inayopita juu ya jiwe lenye ukoga. Alitoka mbio kuangalia. Hakukuwa na mtu. Udongo chini ya upenu ulikuwa umelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu juzi.

Tangu hapo picha zikaanza kumkera, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua ukiimbwa na mgeni. Tusajigwe wa ukutani hakuwa na masikio. Kila alipojichora, kichwa kilikuwa laini pande zote kama yai. Atuganile alijiambia labda wafu hawatanii. Halafu zikaja picha zilizofuatana bila kuungana, uso unaocheka, halafu mbali kidogo machozi, halafu maji, halafu mtoto, kama maneno yaliyomwagwa sakafuni. Alizisoma kutoka kushoto na kutoka kulia, na hazikusema chochote walichowahi kusemezana.

Akaamua kumjaribu. Alichora kuku, na juu yake jua. Ndugu yake angejua. Ndugu yake angejibu kwa kofia, maana ndivyo walivyojibizana miaka yote.

Jibu lilikuwa nje. Mchana, ukungu ulipoinuka, Helena aliita kutoka uani kwa sauti ya chini isiyo ya kawaida yake. Kuku wao mwekundu alikuwa chali katikati ya uwanja, kwenye lile jua la kwanza la siku, mbawa zimetandazwa kama nguo iliyoanikwa. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amejaa maji. Helena alipomgusa kwa ncha ya fimbo, maji ya kijani yalimtoka mdomoni, yakaendelea kutoka, yakafanya kijito kilichoelekea mlango wa jiko.

"Mwewe hafanyi hivi," Helena alinong'ona. "Mwanangu, hiki ni nini?"

Ndipo Atuganile alipoelewa, na kuelewa kulimpanda kutoka miguuni kama maji ya baridi. Kuku. Jua. Kitu kile kilikuwa kimesoma picha moja, halafu ya pili, na kikatenda kilichosomeka. Hakikujua kofia, hakikujua mchungaji, hakikujua viboko wala kicheko. Kilizijua picha kama kasuku anavyojua maneno, kwa kuwatazama mabinti wawili siku nyingi kutoka mahali ambapo wao hawakukiona, na alipochora juu ya mwamba nyumba na unyayo, akiaga, kilisoma nyumba, kikasoma nenda, kikaja. Na sasa alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake, huku anacheka, alikuwa amekichorea mtoto, na kando ya mtoto, kiganja.

Mtoto. Kiganjani.

Alikimbia chumbani. Yohane alikuwa ameketi juu ya mkeka, mzima, ananyonya kidole. "Yohane!" Hakugeuka. "Yohane, baba!" Atuganile alichukua kifuniko cha sufuria akakiangusha kwenye saruji, na mlio ulijaa nyumba nzima, mpaka Helena akaruka mlangoni, na mtoto hakupepesa hata kope. Aliendelea kunyonya kidole na kuukodolea macho ukuta ambao upande wake wa pili ulikuwa jiko.

Siku hiyo Atuganile alisema yote. Alisema mbele ya Kalinga na mama yake, kichwa chini, na walipomaliza kusikiliza hakuna aliyemlaumu, jambo ambalo lilimwogopesha zaidi. Kalinga alichukua chokaa akaupaka ukuta mara mbili. Chokaa ilipokauka, kiganja kilikuwa kimetokea juu yake, ule uso wenye nywele tatu ukiwa ndani yake, na sasa vidole vilikuwa vimeanza kujikunja.

"Nitakwenda kwa padri," Helena alisema. Akajifunga vizuri khanga yake. "Lakini kwanza nenda Ipogolo, Kalinga. Kuna yule mama wa Kisukuma, Mbuke, aliyetoka Usangu. Ndugu zake wanashusha ng'ombe pale. Kamwambie mama Helena anamwita. Usimwambie mtu mwingine."

Mbuke alifika alasiri, amekaa mbele ya lori, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi na shanga nyeusi mkononi. Alisalimiana na Helena kwa heshima zote, akakaa, akanywa maji, akauliza habari za mahindi. Kisha akaomba kuonyeshwa jiko. Alisimama mbele ya ukuta bila kuugusa. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo.

"Ng'wanone," alimwambia Atuganile, maana yake mwanangu, na sauti yake ilishuka. "Huyo mdogo wako alizaliwa hasikii?"

"Hapana, mama. Aliugua. Alioga bwawani."

"Bwawa hilo hilo?"

"Hilo hilo."

Mbuke akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana kinamchora bila masikio. Masikio yake kinayo chenyewe. Kilianza kwake kuchukua, halafu kikakaa kuwatazama mnacheza. Ni jini la maji hili. Halina lugha, linaokota za watu. Kwetu Usangu mbugani tunayo pia, yanaita ng'ombe kwa mluzi wa mchungaji."

"Litoe, mama," Kalinga alisema. "Sema unachotaka."

"Nikilifukuza mimi litaondoka na kilicho mkononi mwake. Lilipewa. Halikuiba." Aliwatazama mmoja mmoja. "Aliyetoa ndiye atakayerudisha, na kwa maneno linayoyajua. Ukifuta kiganja, umelinyang'anya, litakamata lolote. Kiganja ukiache. Futa kilichomo ndani yake. Ila halitakubali kubaki mkono mtupu."

Nje lori lilikuwa likiunguruma, dereva anasubiri. Helena alipiga ishara ya msalaba.

"Linapenda nini?" Atuganile aliuliza, ingawa alijua.

"Mama Yohane," Kalinga alisema. "Hapana."

"Linapenda nini, mama?"

"Umeshaona linachopenda," alijibu Mbuke, na akageuza uso.

"Wacha nitoe mimi," Kalinga alisema akimshika mkono mkewe. "Nitoe mimi. Naweza kutengeneza gari kwa kushika tu. Niambie nichore nini."

"Halikujui wewe," Mbuke alimwambia, kwa huruma. "Kwako ni mkaa tu."

Atuganile aliomba apewe muda kidogo. Akamchukua Yohane, akakaa naye kizingitini. Alimsikiliza anavyopumua. Alimtekenya ili acheke, akakisikiliza kicheko mpaka mwisho. Alimwomba Helena aimbe, na Helena, mwanamke asiyependa mzaha, aliimba wimbo wa Kihehe wa kutwanga, sauti ikikatikakatika. Akamwambia Kalinga aseme chochote. Kalinga alitafuta neno, akakosa, akaita tu jina lake, Atuganile, si Mama Yohane, na akaliita tena, na tena.

Kisha akaingia jikoni. Mbuke alimpa majivu makavu, akamkataza kutumia maji. Atuganile aliufuta uso wenye nywele tatu, na kadiri alivyoufuta ndivyo ile harufu ya tope ilivyozidi, ikajaa puani na kooni, na ukuta ukawa baridi chini ya kiganja chake, ukawa laini, ukawa kama ngozi ya kitu kilicholala muda mrefu chini ya maji, na kutoka ndani yake ulianza mkwaruzo, hapa, pale, juu ya kichwa chake, pembeni ya shavu lake, mwingi, wa haraka, kama vidole vya watu wengi wanaoandika kwa pamoja, na nyuma ya mkwaruzo akasikia sauti ya msichana mdogo inayohema kama aliyetoka kukimbia, naye hakusimama, aliinua mkaa, akachora mahali penye majivu sikio, akachora na la pili, yote mawili ndani ya kile kiganja, wazi, moja moja, bila kuunganisha, ili lisikosee.

Vidole vya ukutani vilijifunga.

Waliosimama nje walisikia mto. Helena aliapa mpaka kufa kwake kwamba ulipita ndani ya nyumba, mto mzima, na mawe yake, ukatoka kwa mlango wa mbele na kuteremka bondeni, na hakuna kilicholowa. Chumbani Yohane alishtuka na kupiga yowe. Kalinga alimchukua, akapiga kofi karibu na sikio lake, na mtoto akageuka kumtazama kwa hasira.

"Anasikia!" Kalinga alipiga kelele. "Mama Yohane! Anasikia!"

Atuganile alikuwa amewapa mgongo, anatazama ukuta uliobaki mweupe pe. Hakugeuka.

Mbuke hakukubali zawadi yoyote. Alipanda lori bila kuaga na wakasikia kwamba alirudi Usangu wiki hiyo hiyo.

Maisha yaliendelea, kama yanavyoendelea. Atuganile alijifunza kusoma midomo ya mumewe. Aliweka kiganja kwenye kifua cha mtoto ili ajue kama analia au anacheka. Sauti yake mwenyewe ilibaki, ingawa ilianza kupanda na kushuka pasipo mpango. Kalinga alijaribu kuchora, akachora jua na sufuria kwenye boksi la sabuni, na Atuganile akamshika mkono kwa upole akamwomba asichore tena kamwe. Nyumbani mwao mkaa uliishia kwenye jiko.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nzito. Yohane alikuwa amesimama, anashika kuta, na Helena alikuwa akimfundisha kusema "bibi." Asubuhi moja Kalinga alimkimbilia mkewe aliyekuwa akianua nguo. Uso wake ulikuwa na furaha. Alisema taratibu, akifungua mdomo sana, ili amsome. Mtoto amesema. Neno la kwanza.

"Amesema nini?" aliuliza Atuganile. "Mama?"

Kalinga alitikisa kichwa. Hakulijua neno hilo. Halikuwa la Kihehe wala la Kiswahili. Alilitamka alivyolisikia, midomo ikivutwa pembeni, halafu ikafunguka. Atuganile alimwomba alirudie. Akalirudia.

*Isa.*

Ni Kinyakyusa. Maana yake ni njoo. Tangu masikio yake yazibe hakuna aliyesema neno hata moja la Kinyakyusa ndani ya nyumba ile. Hata yeye hakuwahi kulisema kwa mtoto.

Nguo zilimponyoka mikononi. "Baba Yohane," alisema, na hakujua kama ananong'ona au anapiga kelele. "Alipokuwa anasema, alikuwa anatazama wapi?"

Furaha ilikuwa bado haijamtoka Kalinga usoni. Aligeuka, akainua mkono, akamwonyesha: kule chini, ng'ambo ya mabati, bondeni Ipogolo, ambako mto Ruaha Mdogo ulikuwa umejaa hadi ukingoni.